Neno "bomba" ni la nani hasa?

Mlimaji wa Uyole: Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Jana nimetoka kupulizia viazi, bomba la lita 16 mgongoni, nimelowa mpaka soksi. Nyumbani nina bibi, kaja kutoka Tukuyu. Akamuuliza mdogo wangu shule inaendaje, dogo akajibu, "Bomba!" Bibi akang'aka: "Bomba nini? Kabombe wewe, vyombo vile pale!" Kinyakyusa, ukubomba ni kufanya kazi. Nimecheka, ila limeniganda. Bomba la maji, bomba la sindano, bomba la moshi, kiatu bomba. Limetoka wapi? Au tumeibiwa?

Mwalimu Mstaafu, Iringa: Hujaibiwa, mwanangu. La Kiswahili ni la Kireno, ukoo mmoja na meza, bendera na parafujo. Wareno waling'olewa Fort Jesus mwaka 1698, maneno yakabaki. Kwao bomba ni chombo cha kuvutia maji, sisi tukauita hivyo hata mrija usiosukuma chochote. Tena kwao neno hilohilo ni bomu! Bomu letu limepitia kwa Waingereza, ila ukirudi nyuma yote mawili yanakutana kwenye Kigiriki, bombos, mvumo mzito. La bibi yako limefanana sauti tu. Wabemba wa Zambia nao kazi ni ukubomba, na hawakufundishwa na Mreno.

Dereva Tunduma: Mwalimu kanikumbusha Tete, Msumbiji. Naulizia sheli, jamaa ananyoosha kidole: "Bomba, bomba." Nikashuka na dumu langu la maji. Kufika, kituo cha mafuta! Na sisi tunaosema sheli tusiwacheke, maana hilo nalo ni jina la kampuni. Halafu mmesahau bomba refu kuliko yote huku kwetu, la mafuta la TAZAMA (Tanzania na Zambia), kilomita 1,710 kutoka Dar mpaka Ndola, tangu 1968.

Fundi Mafinga: Mimi lanitesa kazini. Mteja anapiga simu, "Fundi, bomba limepasuka." Nabeba msumeno na paipu ya nusu inchi, nafika nakuta koki inadondosha, kampira kake ka ndani (washa) ndiko kamekwisha tu. Nauli nani analipa?

Mlimaji wa Uyole: Fundi pole 😂. Mwalimu, ahsante sana, nimemsomea bibi yote. Anasema hao Wareno Tukuyu hawakufika, na vyombo bado havijaoshwa.