Paka ana usaha kuzunguka moyo: kunyonya kwa sindano kunatosha, au awekewe mrija?

Mama Paka
Wataalamu, naomba msaada. Paka dume wa kilo 4, hajahasiwa, hupigana sana usiku. Hali chakula, homa 40.1, anapumua mara 60 kwa dakika akiwa ametulia. Eksirei inaonyesha weupe uliofunika moyo. Daktari amenyonya majimaji ya kahawia yanayonuka vibaya. Je, kunyonya mara moja na sindano za antibayotiki vitatosha?

Dkt. wa Wanyama Wadogo
Pole, dada. Usaha ndani ya mfuko wa moyo wenyewe ni nadra kwa paka. Unachoeleza ni usaha kati ya mapafu na ukuta wa kifua. Huo ndio unaoficha ukingo wa moyo kwenye eksirei. Ultrasaundi itawatofautishia. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu dawa ya kukojosha, inayofaa moyo ukishindwa kazi, haiondoi usaha na humkausha mgonjwa.

Mara moja haitoshi kwa kawaida. Usaha ni mzito, hujitenga vyumba vyumba na hujaa tena. Mrija mwembamba wa geji 14 unaoongozwa na waya unafaa, mara nyingi mmoja kila upande. Upitishwe mbele ya mfupa wa ubavu, maana mishipa ya damu imelala nyuma yake. Apewe oksijeni kwanza, na asilazwe ubavu kwa nguvu akiwa anahema: paka wengi hufia hapo, mezani.

Fundi Maabara
Majimaji yagawanywe: kichupa chenye EDTA (kizuia kuganda) kwa hadubini, na sampuli isiyoingia hewa kwa kuotesha bakteria. Hiyo ya kuotesha isiwekwe kwenye friji. Bakteria wa kinywani wasiopenda hewa, kama Fusobacterium na Bacteroides, ndio wa kawaida hapa, pamoja na Pasteurella. Majibu ya "hakuna kilichoota" hayamaanishi hakuna bakteria.

Mama Paka
Nimeandikiwa antibayotiki ya enrofloksasini peke yake. Sawa?

Dkt. wa Wanyama Wadogo
Hapana. Haiwaui vizuri bakteria wasiopenda hewa. Msingi uwe amoksilini-klavulaneti au ampisilini-salbaktamu, kwa mshipa mpaka ale mwenyewe. Enrofloksasini ikiongezwa, isizidi 5 mg kwa kilo kwa siku. Zaidi ya hapo inaweza kumpofusha paka. Na panadol usimpe kabisa, inaua paka.

Kuosha: maji ya dripu ya chumvi 0.9% yaliyopashwa joto la mwili, 10 ml kwa kilo, yaani 40 ml kila upande, mara 2 au 3 kwa siku. Yaingie polepole, kisha yapimwe yanayotoka. Yakirudi chini ya robo tatu, acheni: mrija umeziba au usaha umejigawa. Potasiamu ya damu ipimwe, hushuka.

Mrija hutolewa majimaji yakipungua hadi kama 2 ml kwa kilo kwa siku na hadubini isipoonyesha bakteria. Vidonge viendelee kwa wiki 4 hadi 6, na eksirei irudiwe kabla ya kuviacha. Kama usaha unarudi upande uleule, tafuteni kijiti kilichoingia kifuani au jipu la pafu; hapo ni upasuaji.