Nachora kwenye tableti mwaka sasa, mbona simalizi picha? Naombeni ushauri

Brashi_Mbichi:
Wakuu habari zenu. Nimechora kwa rangi za mafuta miaka tisa, mwaka jana nikanunua tableti nikaanza na Krita, programu ya kuchora, kwa vile ni ya bure, na mwanzoni nilifurahi kweli maana harufu ya tapentaini hamna, kusubiri rangi ikauke hamna, ukikosea unarudi nyuma. Sasa hapo kwenye kurudi nyuma ndo tatizo langu lilipo. Mstari mmoja naufuta mara ishirini, nazumu jicho mpaka lijaze skrini nzima nachora kope moja moja, nikirudisha picha kwenye saizi yake kope zenyewe hata hazionekani. Nina picha kumi na nne, iliyoisha hata moja hamna. Juzi nimeshika brashi ya kweli nikajikuta naogopa kugusa turubai. Halafu mwalimu wangu wa zamani ananiambia hii si sanaa, eti mashine ndo inachora. Inaniuma jamani. Nirudi kwenye mafuta tu?

Leya_Moja:
Pole sana ndugu, nimepita humo humo. Usirudi. Ingia kwenye mipangilio ya Krita, kuna mahali pa kuweka idadi ya hatua za kurudi nyuma, weka tatu tu. Picha nzima ichore kwenye leya moja (leya ni kama karatasi angavu zinazopangwa moja juu ya nyingine), ukikosea paka juu yake kama ulivyozoea kwenye mafuta. Photoshop ilitoka 1990 na leya zikaja 1994, hiyo miaka yote ya katikati watu walichora bila leya na kazi zao zikaisha.

Kivuli:
Kuhusu zumu, fungua lile dirisha dogo linaloonyesha picha nzima uliweke pembeni muda wote, kitu kisichoonekana mle usikihangaikie. Na bonyeza herufi M kwenye kibodi, picha inageuka kama kwenye kioo, kosa la uso ulilolizoea utaliona hapo hapo.

Mama_Palette:
Mwanangu, huyo mwalimu nadhani anachanganya mambo, kuna hizi programu za kuandika maneno zikakutolea picha na kuna wewe unayevuta kila mstari kwa mkono wako, ni vitu viwili tofauti kabisa. David Hockney, mchoraji maarufu wa Uingereza, alianza kuchora kwenye iPhone 2009, mwaka uliofuata akaingia iPad, na 2012 kazi zake za iPad zilitundikwa Royal Academy, jumba la sanaa pale London. Hata rangi ya tyubu anayoitumia mwalimu wako ililetwa na mchoraji Mmarekani John Goffe Rand mwaka 1841, kabla ya hapo wachoraji waliweka rangi kwenye kibofu cha nguruwe.

Kivuli:
Mama nakubali ila mafuta asiyaache kabisa. Kwenye programu nyingi ukichanganya bluu na njano unapata kijivu kijivu, kijani hutakiona, kwa sababu kompyuta inachanganya mwanga haichanganyi unga wa rangi. Programu ya Rebelle Pro imejitahidi kuiga rangi halisi lakini mtu anayejifunzia kwenye skrini peke yake mkono wake haujui kitu hicho. Tenga walau siku moja kwa wiki ushike brashi, na hiyo hofu itaisha.

Brashi_Mbichi:
Narudi na mrejesho wakuu. Nimeweka hatua tatu, leya moja, nimemchora bibi yangu masaa matatu na IMEISHA, kidevu kimekaa vibaya kidogo lakini ni yeye kabisa, nimelia. Ina pikseli 1000 kwa 1400, nataka kuiprinti A3 nimpelekee, inafaa?

Leya_Moja:
Hongera sana! Ila ukiprinti kwa pikseli 300 kila inchi hiyo itatoka upana kama sentimita 8 na nusu tu, ukiivuta itafifia. A3 inataka pikseli 3508 kwa 4961, na hiyo saizi unaiweka kabla hujaanza.

Brashi_Mbichi:
Basi kesho nafungua faili jipya la saizi hiyo namchora tena, na kidevu nakirekebisha.