Tupeane uzoefu: keria ya kuongezea kwenye pikipiki, yako ilikufanyia nini?

Mikate_Mtwara
Wadau wa kusini habari za jioni, Mtwara kuchele. Naanza mimi. Nina TVS HLX 125 nimeinunua mkononi kwa mtu, nasambazia mikate madukani Chikongola, Magomeni mpaka Naliendele. Keria iliyokuja nayo ni kale kachuma ka nyuma ya siti kanakotosha mkoba wa mwalimu tu, nikaagiza kubwa Dar ikaja na basi, muuzaji kaniapia kabisa inaingia pikipiki yoyote hata hutoboi tundu. Kufika matundu yanapishana na ya fremu upana wa kidole, miguu imelalia indiketa, na ukitaka kutoa siti lazima utoe keria kwanza. Fundi akapanua matundu kwa drili, indiketa akazihamishia kwenye kipande cha flatiba, nikatoka 25,000 juu ya bei ya keria yenyewe. Inabeba kreti zangu mbili vizuri ila kila wiki nati moja inalegea, mbili nimeshadondosha sijui wapi. Nyie wenzangu mlifungaje?

Mkorosho_TDH
Mkuu ya kwako ndogo sana. Mie na Boxer yangu hapa Tandahimba msimu mmoja nikataka keria ya kulaza gunia la kilo 80 (sio kangomba jamani, ule ununuzi wa korosho wa magendo, hizi ni za shambani kwangu napeleka ghala la chama cha ushirika, msianze). Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea mageti, nasema mageti kwa sababu pikipiki alikuwa hajawahi kushika, ila ni jirani na bei yake nzuri, akanitengenezea kitu cha nondo kama kitanda cha kamba akakichomelea mojakwamoja kwenye fremu, betri iko palepale, kibano cha ethi cha mashine yake kakibana kwenye ekzosi huko. Kamaliza, napiga kiki, kimya. Napiga tena, kimya, watoto wa mtaani wameshajaa wanahesabu kiki. Sidiai, kile kiboksi cha umeme wa kuwashia plagi, imekufa.

Fundi pikipiki akacheka mpaka akakaa chini, akaniambia kabla moto haujawashwa unachomoa waya wa negativu wa betri na soketi ya sidiai, na kibano kinashika karibu kabisa na pale panapochomwa ili umeme usizunguke pikipiki nzima. Haya nikanunua nyingine.

Haijaisha. Wiki ya tatu nina gunia, naitafuta Mnivata ambako lami ilikuwa inaanzia, nikaanza kusikia pikipiki inakata kiuno kama imelewa. Nashuka naangalia, weldingi nzima kabisa haina hata ufa, kilichokatika ni bomba la fremu pembeni yake pale moto ulipopita. Gunia chini, mie chini, nimekaa chini ya mkorosho wa watu mpaka saa moja usiku ikapita kirikuu ikaniokoa, na dereva naye alivyojua sina pa kwenda bei akaipandisha palepale. Toka siku hiyo mtu akiniambia chomelea namwangalia tu.

fundi_masasi
Ndugu yangu wa Tandahimba pole, ila huyo wa mageti asitufanye mafundi wote wabaya. Kuchomelea keria yenyewe hakuna shida, kuichomelea kwenye fremu ndo kosa. Mimi naifunga sehemu nne, mbili matundu ya nyuma ya siti, mbili zinateremka mpaka bolti za juu za shokapu, mzigo uende kwenye shokapu. Ikishikiliwa na madigadi tu hiyo ni pambo, bebea kofia. Bolti itazame kichwani, ikiandikwa 8.8 ndo ya mzigo, zile zisizo na namba fungia kabati nyumbani.

Mkuu wa mikate nati zako zinapotea hivi: rangi iliyoko chini ya washa (kale kasahani kenye tundu kanakokaa chini ya nati) inasagika kwa mtikisiko, panabaki nafasi, nati inaanza kucheza. Na wewe matundu yako yalipanuliwa, hiyo ni balaa zaidi. Weka washa pana, weka nati zile zenye plastiki ndani (ukishaifungua mara mbili tatu tupa hiyo nati, haishiki tena), halafu baada ya siku ya kwanza ya mzigo kaza upya. Wateja hawarudi kukazwa, wanarudi imeshakatika.

Bi_Pweza
Nyie mnasimulia kukatika, mie yangu ililiwa. Nauza samaki Mikindani, kijana wangu anabeba deli la barafu mpaka sokoni mjini, na barafu ikiyeyuka maji ya chumvi yanachuruzika njia nzima. Fundi alitumia bomba akaacha ncha wazi, maji yakawa yanaingia humo na kukaa. Nje inang'aa nyeusi nzuri kila mtu anasifia, ndani kutu tupu. Siku moja ikakatika kama mkate mkavu, samahani kaka wa mikate hehe. Breki ya nyuma nayo na cheni vilishaanza kulia zamani, nikadhani ni uzee.

Ya sasa ncha zimezibwa, chini kuna kitundu kidogo maji yatoke, ikapigwa rangi ile nyekundu ya kuzuia kutu kwanza ndo nyeusi juu. Deli nimelitoboa chini nikavalisha kampira kanakomwaga pembeni mbali na tairi. Na jioni inamwagiwa maji ya bomba yote, kijana ananuna ila anamwaga.

Mzee_wa_Newala
Wanangu marahaba. Mimi nimebeba sana maji, huku juu mnajua wenyewe maji yalivyo, tunashuka bondeni na madumu. Manne ya lita 20 hizo ni kilo 80 hujajihesabu wewe. Keria yangu ya kwanza niliomba iwe ndefu ivutwe nyuma, yakae yote juu. Tambarare sawa, kupandisha sasa, usukani mwepesi kama baiskeli ya mtoto, tairi la mbele linataka kunyanyuka na kona hiyo hapo. Nikairudisha mbele, mawili yananing'inia chini ubavuni.

Lakini kilichonitesa sio hicho. Fundi alipitisha bolti kutoka juu, nati chini, mkia mrefu umebaki unaangalia tairi. Pikipiki tupu inapita bila neno. Ukipakia shokapu zikididimia kwenye shimo ule mkia unalamba mpira, kidogokidogo, tairi jipya likawa na mstari katikati kama limepigwa rula, mimi nasema labda ni mawe. Mpaka tyubu ikapasuka na madumu yote manne yakamwagika, nusu saa kufika nyumbani. Kichwa cha bolti ndo kikae upande wa tairi. Na kabla ya kumlipa fundi, kalisha watu wawili wazito nyuma, wewe inama uchungulie.

fundi_masasi
Shikamoo mzee. Hapo umenifunga mdomo, kuna mbili nimefunga wiki hii sikumbuki nilizielekeza wapi 😅

Mikate_Mtwara
Mzee umeitikia marahaba hata kabla hatujakuamkia, shikamoo. Nimesoma hapo nikatoka nje na tochi ya simu, nimelala chini kwenye mchanga mke wangu anauliza nimepoteza nini. Bolti zote nne mikia chini. Ya kushoto imeshachimba madigadi na kwenye tairi kuna kamstari nilikuwa nakaona kila siku najua ndo urembo wa kiwandani. Kesho mikate inaenda na bajaji, mimi asubuhi niko kwa fundi na washa zangu mkononi.