Baba alinivunja mkono. Wakati ule halikuwa kosa?

Kitindamimba:
Wadau, nina miaka 52. Juzi binti yangu kaniuliza kovu la kiwiko limetoka wapi. Nikamjibu nilivyozoea: "Babu yako alikuwa mkali." Akanyamaza, kisha: "Leo angefungwa." Anasomea sheria, sibishani naye. Lakini mkono ulivunjika, majirani walisikia, daktari akanifunga plasta bila kuuliza neno. Kwani enzi zile ilikuwa ruhusa?

Wakili Mstaafu:
Haikuwa ruhusa, ndugu yangu. Kuvunja mtu mkono ni kujeruhi tangu zamani. Mwanya ulikuwa kwenye "adhabu ya kiasi". Uingereza, 1860, mwalimu alimchapa mwanafunzi usiku hadi akafa. Alipata miaka minne, lakini jaji alisema mzazi au mwalimu anaruhusiwa kuadhibu kwa kiasi, na kauli hiyo ikawakinga wachapaji kwa zaidi ya karne. Ng'ombe wa nchi hiyohiyo walikuwa na sheria ya kuwalinda tangu 1822. Ya watoto ilikuja 1889! Sweden ndiyo ya kwanza kukataza kuchapa kabisa, hata nyumbani: 1979.

Jongoo:
Hata Mary Ellen, mtoto aliyekuwa akipigwa na mama mlezi huko New York, 1874, mahakama ilibidi imhesabu mnyama ndipo aokolewe.

Wakili Mstaafu:
Hapana, hiyo ni chumvi. Henry Bergh wa chama cha kutetea wanyama alisaidia kweli, ila mtoto aliletwa mahakamani kama binadamu, na mama mlezi akafungwa mwaka mmoja.

Dada wa Eksirei:
Kaka, mimi napiga picha za mifupa, mwaka wa kumi na tisa huu. Jibu lako limo kwenye filamu ya eksirei. Mtoto kaletwa, "kaanguka kitandani." Unaona mbavu mbili zimevunjika juzi, na pembeni ya tatu kuna uvimbe mdogo mweupe: huo ni mfupa ulioanza kuunga wiki kadhaa nyuma. Kitanda hakiangushi mtoto kwa awamu.

Daktari wa Marekani, John Caffey, aliziona picha kama hizo 1946, akaandika kwa tahadhari. Mwaka 1962 daktari mwingine, Henry Kempe, na wenzake wakasema wazi kwamba ni kipigo, na kwamba madaktari wanaona haya kuwashuku wazazi. Miaka michache tu baadaye karibu majimbo yote ya Marekani yalimlazimisha daktari kutoa taarifa. Kwangu mimi mageuzi ni hapo, kuliko kwenye urefu wa kifungo. Kosa lilikuwepo. Aliyekosekana ni wa kulitaja.

Mimi mwenyewe mara ya kwanza mkono ulinitetemeka kujaza ile fomu ya kuripoti. Baba wa mtoto alikuwa amekaa nje ya mlango, ananisubiri nimwambie hakuna kitu.

Kitindamimba:
Asanteni. Dada, binti yangu anauliza kama yule daktari leo angeshtakiwa.

Dada wa Eksirei:
Penye sheria ya kuripoti, anaweza. Alikuwa anamfahamu baba yako?

Kitindamimba:
Kila Jumamosi walicheza karata.