Naomba ushauri: kete zilizoliwa kwenye shogi zinanimaliza

Wakuu, habari zenu. Niko Osaka kimasomo, na jioni nacheza shogi, yaani chesi ya Kijapani, na mzee jirani yangu. Chesi naijua tangu utotoni, lakini huku nafungwa kila siku. Ubao una visanduku 81, kila mchezaji ana kete 20, na kete ukiila inakuwa yako, unaweza kuirudisha ubaoni ikupiganie. Hapo ndipo ninapoumia. Jana nilishamla farasi na askari watatu, nikajua nimeshinda. Mzee akachomeka kete aliyoila kwangu, Jenerali wa Dhahabu, mbele ya uso wa mfalme wangu, mchezo ukaisha.

Mliouzoea, nimjengee mfalme ngome kwanza au nishambulie mapema? Na kete za mkononi, yaani zile ulizokula, mnazitunza hadi lini?