Nitajuaje miundombinu ya faiba imefika wapi mtaani kwetu Kibaha?

Mwalimu Mstaafu

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wa mawazo. Ninaishi Kibaha, upande wa Picha ya Ndege, na pamoja na wenzangu wachache tumefungua chumba cha kusomea chenye kompyuta kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari wa mtaa wetu. Kwa sasa tunatumia intaneti ya simu kupitia rauta ndogo, na kifurushi hukata kabla ya wiki kwisha kwa sababu vijana hupakua mitihani iliyopita na kutazama vipindi vya masomo kwa video. Tukipiga hesabu tunaona kwamba faiba ya kulipia kwa mwezi ingetupunguzia gharama na kutuondolea usumbufu.

Ninachokosa ni jibu la uhakika kuhusu mahali miundombinu ilipo. Kampuni moja niliyoipigia simu ilisema eneo letu halijafikiwa, wakala wa kampuni nyingine akasema limefikiwa ila tusubiri, na wakati huohuo kuna waya mweusi unaopita kwenye nguzo, nyumba chache tu kutoka kwetu. Kwenye nguzo mojawapo waya huo umeviringishwa duara kubwa, na pembeni yake pamefungwa kitu mfano wa kopo refu jeusi. Barabara ya Morogoro nayo haiko mbali, na sote tunafahamu kwamba Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani njia kuu ya faiba ya nchi, umetoka Dar es Salaam kuelekea Morogoro na Dodoma.

Je, ipo ramani ambayo mwananchi wa kawaida anaweza kuifungua akaona faiba imeishia wapi? Kama haipo, nitatambuaje kwa macho? Na ni ofisi ipi hasa yenye wajibu wa kunijibu? Mkataba wetu wa pango unakaribia kwisha, na tunapaswa kuamua kama tubaki hapa au tuhamie chumba kilicho karibu na barabara kuu.

Fundi wa Nguzoni

Shikamoo Mwalimu. Nimefanya kazi ya kuvuta na kuunga faiba kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitaanza na hicho ulichokiona. Kopo hilo jeusi ni jointi, yaani mahali ambapo nyaya mbili za faiba zimeunganishwa uzi kwa uzi na kufungiwa maji na vumbi visiingie. Duara la waya ni akiba iliyoachwa ili siku ya matengenezo fundi aweze kuishusha jointi chini na kufanya kazi akiwa ardhini. Vitu hivyo viwili vinathibitisha kwamba faiba inapita mtaani kwenu, lakini havithibitishi kwamba huduma inapatikana mtaani kwenu. Ni sawa na bomba kuu la maji linalopita mbele ya nyumba: hakuna anayeruhusiwa kulitoboa ili ajaze ndoo.

Unachotakiwa kukitafuta ni boksi la kugawia. Hili ni dogo kuliko jointi, aghalabu la plastiki ya kijivu, nyeupe au nyeusi, lenye umbo la mstatili na mlango, na hufungwa kwenye nguzo au ukutani. Chini yake hutoka nyaya nyembamba zinazoelekea kwenye nyumba na maduka, na mlangoni huwa kuna namba au alama ya kampuni. Mengi yana nafasi 8 au 16. Ukiona boksi ambalo nyaya nyembamba mbili tatu zinatoka, huenda nafasi bado zipo. Ukiona limejaa nyaya pande zote, uwezekano ni kwamba wateja wapya wanasubiri boksi jingine.

Ukielewa namna mtandao wa majumbani unavyofanya kazi, majibu yale mawili uliyopewa hayatakushangaza. Katika mfumo wa GPON, yaani faiba ambayo uzi mmoja hugawiwa wateja wengi, na ambao ndio unaotumika sana, mtambo wa kampuni hutuma mwanga kwenye uzi mmoja, kisha kifaa kidogo kiitwacho splita huugawa mwanga huo kwa wateja 32 au hata 64. Splita ya wateja 32 peke yake hupunguza nguvu ya mwanga kwa takriban desibeli 17 (kipimo cha upotevu wa nguvu), ilhali kilomita moja ya uzi hupunguza chini ya nusu desibeli. Kwa maneno mengine, kilomita tano au kumi za kutoka kituoni hadi kwenu si tatizo kubwa, kwa kuwa mfumo huu umeundwa kufika hadi kilomita 20. Tatizo ni kama kwenye boksi lililo karibu nawe kuna mkono wa splita usio na mtu. Anayepokea simu huenda anatazama orodha ya mitaa tu, na wakala anatazama nguzo tu, na wote wawili wanaweza kuwa hawajaliona boksi lenyewe.

Tafadhali msipande nguzo wala kufungua kitu chochote. Nguzo nyingi zinabeba pia umeme wa TANESCO, na jointi ikifunguliwa vibaya uzi unaweza kukatika na kuwaangusha wateja wa mbali kabisa. Tembea, tazama ukiwa chini, piga picha ya namba ya boksi.

Mchora Ramani

Mwalimu, naomba nijibu swali la ramani, kwa sababu ramani zipo, ila kila moja ina mahali inapoishia. Ramani ya nyaya za baharini ya TeleGeography itakuonyesha SEACOM, iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy iliyofuata mwaka 2010, lakini hiyo inaishia ufukweni. Kwa nchi kavu, Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, una ramani ya mikongo ya nchi mbalimbali, na mradi wa AfTerFibre umekusanya njia za faiba za Afrika kutoka kwenye taarifa zilizo wazi. Humo utaona mistari inayounganisha mji na mji. Ukiisogeza karibu hadi Kibaha, utagundua kwamba mstari umechorwa kwa makadirio: unaweza kupita juu ya mashamba ambako hakuna hata nguzo, na hauonyeshi kabisa matawi ya mitaani.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalifahamu. Sehemu ya Mkongo wa Taifa haikuzikwa kando ya barabara, bali imo ndani ya waya wa juu kabisa wa minara ya umeme wa msongo mkubwa wa TANESCO. Mtu anaweza kutembea barabara nzima akitafuta chemba na vigingi vya tahadhari, kumbe uzi uko juu ya minara iliyo mbali na hapo. Open Infrastructure Map, inayochukua takwimu zake OpenStreetMap (ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea), huonyesha minara hiyo vizuri kuliko inavyoonyesha faiba.

Hata hivyo, OpenStreetMap ndiyo pekee ambayo ninyi wenyewe mnaweza kuijaza. Dar es Salaam ilichorwa kwa undani kupitia Ramani Huria, kazi iliyoanza mwaka 2015 na kuwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu, ila lengo lake lilikuwa mafuriko na si mawasiliano. Vijana wenu wanaweza kutembea mtaa mzima na simu, wakaweka kila nguzo na kila boksi waliloliona kwa macho yao. Sharti ni moja, wasinakili ramani ya kampuni yoyote.

Fundi wa Nguzoni

Ndugu Mchora Ramani, nakubaliana nawe kuhusu kutembea, lakini kuhusu kuweka kila jointi hadharani nina shaka ya dhati. Nyaya hukatwa na watu wanaodhani ndani kuna shaba, na katika faiba hamna shaba ya kuuza. Maboksi ya kugawia yanaonekana na kila mpita njia, hayo sina neno nayo. Jointi za nyaya kuu ningeziacha zibaki kwenye daftari la Mwalimu.

Mchora Ramani

Hoja yako ina uzito. Basi vijana waweke maboksi na nguzo tu.

Mama Sheria

Habari za leo, Mwalimu. Nitajibu kuhusu ofisi, maana watu wengi hukata tamaa kwa kugonga mlango usio wake.

Waya au bomba la faiba haliwezi kuwekwa ndani ya hifadhi ya barabara bila kibali cha mwenye barabara. Barabara ya Morogoro iko chini ya TANROADS, na ofisi yao ya Mkoa wa Pwani iko hapohapo Kibaha. Barabara za mitaani ziko chini ya TARURA. Kila kampuni inayoomba kibali huwasilisha michoro ya mahali inapotaka kupita, kwa hiyo ofisi hizo mbili zina picha ya njia ambayo wewe huipati kwa kupiga simu ya huduma kwa wateja. Zingatia pia kwamba Kimara hadi Kibaha barabara imepanuliwa kuwa njia nane, na upanuzi wa namna hiyo hulazimu miundombinu kuhamishwa. Mchoro wowote wa zamani wa eneo hilo usiuamini mpaka uambiwe umehuishwa lini.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na mwenye taarifa anatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Inazihusu taasisi za umma, ikiwemo TTCL, ambayo ndiyo inayousimamia Mkongo. Usiombe ramani ya mtandao mzima, kwani sheria hiyohiyo inaruhusu kukataliwa kwa sababu za usalama wa taifa au siri za biashara. Uliza jambo dogo linalojibika: je, ndani ya mita 300 kutoka kwenye jengo hili kuna sehemu ya kuunganisha wateja, na ina nafasi? Ambatanisha majira ya nukta ya jengo (namba za GPS za mahali lilipo) kutoka kwenye simu yako pamoja na picha za nguzo. Ombi lenye majira ya nukta linaweza kupelekwa moja kwa moja kwa mhandisi, ilhali ombi linalosema "karibu na kwa mjumbe" hurudi kwako na maswali.

Kampuni binafsi ikikupa majibu yanayopingana na ikakataa kuyaweka kwenye maandishi, lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililoanzishwa chini ya sheria ya TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, ya mwaka 2003. Halitakuvutia waya, lakini litakusaidia kuisukuma kampuni ikujibu.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba Fundi, na ninawashukuru nyote. Tumetembea na vijana jioni, na nyuma ya zahanati tumeona boksi la kijivu lenye namba, likitoa nyaya nyembamba tatu, moja ikiingia kwenye duka la dawa. Mwenye duka ametuambia ni kampuni gani, nayo siyo miongoni mwa zile mbili nilizozipigia. Kutoka kwenye boksi hadi chumbani kwetu, simu inaonyesha mita 180. Je, umbali huo unakubalika, na nafasi nitahakikishaje kabla ya kulipa pango?

Fundi wa Nguzoni

Mita 180 zinavutika, Mwalimu, mradi kuna nguzo za kushikilia waya njiani. Uliza mapema ni nani atakayelipia nguzo ikihitajika, kwa sababu hapo ndipo bei hubadilika. Peleka namba ya boksi kwa kampuni hiyo na uombe fundi aje kukagua kabla ya mkataba. Akifika, mwombe apime mwanga kwenye nafasi iliyo wazi mbele yako. Kipimo kikiwa kati ya -15 na -25 dBm (kizio cha nguvu ya mwanga; kadiri namba inavyokwenda chini ya sifuri ndivyo mwanga unavyopungua), huduma itasimama vizuri. Kikikaribia -27, ambacho ndicho kikomo cha vifaa vingi vya mteja, mwambie asafishe viungo na kupima tena, na usisaini pango mpaka namba hiyo irudi kwenye kiwango salama.