Mjadala: Je, majaribio ya kwanta yamefungua njia ya kuipita nuru?

Mchangiaji aliyetangulia ameandika kwamba chembe zilizofungamana (chembe ndogo sana ambazo, kwa kanuni za fizikia ya kwanta, majibu ya vipimo vyake hulingana hata zikiwa mbalimbali) zinaweza kupeleka ujumbe kwa kasi kuliko nuru, na kwamba wanafizikia hawataki kukiri hivyo kwa sababu wanamheshimu kupita kiasi Einstein, ambaye nadharia yake hairuhusu ujumbe kuipita nuru. Sikubaliani naye, ingawa jambo aliloligusa ni zito.

Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, walifungamanisha elektroni mbili zilizokuwa ndani ya almasi, katika maabara zilizotengana kwa kilomita 1.3, umbali ambao nuru huumaliza kwa mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 4.3 hivi. Namna ya kupima kila upande ilichaguliwa bila mpangilio, na vipimo vikakamilika kabla nuru haijawahi kuvuka. Kama kila elektroni ingekuwa imebeba jibu lake tangu mwanzo, kiwango cha ulinganifu wa majibu ya pande mbili, kinachotokana na hoja ya mwanafizikia John Bell ya mwaka 1964, hakingetarajiwa kuzidi 2. Katika majaribio 245 kilifika 2.42.

Hata hivyo, mpimaji wa upande mmoja huona majibu yasiyotabirika, nusu kwa nusu, ambayo hayabadiliki hata kidogo kwa lolote afanyalo mwenzake. Ulinganifu hujitokeza pale tu orodha za pande mbili zinapowekwa pamoja, na orodha hizo husafiri kwa njia zisizoipita nuru.

Mwanafizikia Nick Herbert wa Marekani alijaribu kukikwepa kizuizi hicho kwa kupendekeza kwamba fotoni (chembe ya nuru) iliyopokewa inakiliwe mara nyingi, ili mpokeaji abaini kipimo kilichochaguliwa upande wa pili. Mwaka 1982 wanafizikia Wootters na Zurek, na Dieks kwa upande wake, walionyesha kwamba hali ya kwanta isiyojulikana hainakiliki. Katazo hilo limetoka ndani ya nadharia ya kwanta yenyewe. Heshima kwa Einstein haihusiki.

Ugumu wa kweli, kwa maoni yangu, uko kwingine. Anayesema kwamba kupima huku hubadilisha kule papo hapo hana budi kueleza ni papo hapo kwa saa ya nani, kwa kuwa kwa matukio yaliyotengana namna hiyo, watazamaji wanaokwenda kwa mwendo tofauti hawakubaliani lipi lilitangulia. Nadharia ya mwanafizikia David Bohm hujibu kwa kuchagua mtazamo mmoja wa wakati usioweza kugunduliwa kwa jaribio lolote. Ningependa mchangiaji atueleze kama yuko tayari kulipa gharama hiyo.